Tupeane uzoefu: KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba zote ulizopewa) ilikutesa wapi?

Mkonge Mkavu: Juzi binti yangu wa darasa la tano kaja na daftari. "Baba, KDS ya 12 na 18?" Nikajibu 6, tena kwa sauti ya mwenye nyumba. Jana karudi na mkasi mwekundu wa kukosa daftarini. Kumbe 6 ni KKS, Kigawo Kikubwa cha Shirika, namba kubwa kabisa inayozigawa zote mbili. Miaka 30 tangu nimalize shule Ngamiani, na bado herufi moja, kigawe na kigawo, inaniadhiri mbele ya mtoto. Wewe ilikutesa wapi?

Bi Kashata: Pole kaka. Mimi ni lile swali la kengele. Moja hulia kila baada ya dakika 10, nyingine 15, nyingine 20. Zimelia pamoja saa 2 asubuhi, zitalia tena pamoja saa ngapi? Nikajumlisha, 45. Mwalimu hakunichapa, na heri angenichapa. Alituita watu watatu mbele, mimi nikawa kengele ya 15, darasa zima likahesabu kwa sauti kuanzia moja. Kwenye 30 nikasema ngrii na yule wa 10, wa 20 kimya. Kwenye 40 wakalia wao wawili bila mimi. Nikalia kwenye 45, peke yangu, darasa likaangua kicheko. Ilipofika 60, yaani saa 3, tukalia wote, ila mimi nililia kwa machozi. Mpaka leo nikipita Chumbageni nikasikia kengele ya shule, tumbo linanikata.

Nguru Mbichi: Hata mimi. Kengele hizo hizo.

Fundi Baiskeli: Mnajisumbua bure. Zidisha tu. 4 na 9 ni 36, kwisha.

Wa Raskazone: Usipoteze watoto wa watu. 8 na 12 kwa njia yako ni 96, na jibu ni 24. Hiyo inakubali pale tu namba zisipokuwa na kigawo cha shirika zaidi ya 1. Ukishazidisha, gawa kwa KKS: 96 kwa 4.

Fundi Baiskeli: Kwani 96 si kigawe chao?

Wa Raskazone: Ni kigawe. Swali limesema KIDOGO. Ndiyo maana baiskeli yangu uliirudisha na nati tatu mkononi.

Dereva Mstaafu: Ngojeni niwape KDS ya watu wazima. Nilikuwa na mtu wangu Muheza, akija kwangu kila baada ya siku 6. Nilikuwa na mwingine Pangani, yeye kila baada ya siku 8. Siku waliyoanza walipishana: mmoja katoka asubuhi, wa pili kaingia adhuhuri. Nikajipongeza. Siku ya 24 niko jikoni naunga samaki kwa nazi, nasikia hodi mbili. Kufungua, wote wawili, kikapu cha machungwa katikati yao, na majina wameshaulizana.

Bi Kashata: Astaghfirullah. Halafu?

Fundi Baiskeli: HALAFU???

Wa Raskazone: Mzee, ungemsogeza wa Pangani siku moja tu mbele. Wa Muheza anakuja siku za shufwa, huyu za witiri. Wasingekutana maisha.

Bi Kashata: Na wewe unamfundisha nini huyo!

Mkonge Mkavu: Jamani, mtoto anangoja. 12 na 18.

Nguru Mbichi: 36 kaka. 2×2×3×3. Dereva, samaki alikula nani?

Dereva Mstaafu: Walikula wao. Mimi nilimenyeshwa machungwa.