IT wametufungia Thunderbird eti "usalama", huku mabosi wanasoma imeli za kazi kwenye simu zao binafsi

Wakuu, leo acha niseme maana nimejaa.

Sisi tuko tawi la mkoani, Sumbawanga huku, intaneti inakuja na kuondoka itakavyo. Laptopu tulizonazo ni zile zilizochoka Dar zikaletwa kwetu, RAM GB 4, halafu programu ya imeli tunayolazimishwa kutumia ni hii mpya ambayo kimsingi ni tovuti tu imewekewa ikoni. Ukiifungua nenda kanywe chai, ukirudi bado kaduara kanazunguka, unatafuta invoisi ya mwaka juzi mpaka seva ya huko iliko iamue kukujibu, mtandao ukikata ndo basi tena kazi imeisha.

Mimi miaka yote natumia Thunderbird, programu ya imeli ya bure, imeli zangu zote zinakaa kwenye diski, nikitafuta kitu kinakuja hapo hapo. Mnakumbuka Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilivyokatika baharini intaneti ikawa ya kubahatisha? Ofisi nzima watu wanakodolea skrini nyeupe, mimi nasoma mikataba, naandika majibu, yanasubiri, mtandao ukishika yanatoka yenyewe. Meneja mwenyewe alikuja mezani kwangu nimprintie barua ya mteja. Siku ile hakuna aliyezungumzia usalama.

Sasa juzi hao jamaa wa makao makuu wamezuia programu zote za nje, hakuna notisi hakuna nini, nafungua asubuhi naambiwa nahitaji idhini ya admini. Nikapiga simu, dogo wa IT ananiambia "kaka hiyo kitu sio salama, inatumia paswedi tu". Jamani!! Hiyo ya paswedi tupu Microsoft wenyewe walianza kuizima kwenye Exchange Online, huduma yao ya imeli za makampuni, Oktoba 2022. Thunderbird inaingia kwa OAuth, yaani programu haipewi paswedi yako, ukurasa wa kulogini ni ule ule wa kampuni, namba ya uthibitisho ya kwenye simu ni ile ile, paswedi yangu haihifadhiwi popote, programu inapewa tokeni, kama kibali cha kuingilia, ambayo admini akiamua anaifuta. Na wakisema hawataki kuacha IMAP (njia ya kawaida ya programu kuvuta imeli kwenye seva) wazi, toleo la 145 la Novemba 2025 linaongea na Exchange moja kwa moja, kwa hiyo hata hiyo sababu imekufa, kilichobaki ni mtu mmoja kule kubofya "idhinisha". Nimemweleza yote hayo taratibu kabisa, kanijibu "sera ni sera bro". Na huyu ndo mtaalamu wetu.

Kuna atakayesema laptopu ikiibiwa je. Hoja hiyo naikubali, ila laptopu ni ya kampuni, diski imefungwa kwa BitLocker na funguo wanazo wao. Mabosi je? Simu binafsi, app ya imeli iliyokuja na simu, jioni mtoto anaichukua anachezea gemu, na hao hakuna aliyewaomba idhini ya admini. Sera inaishia mkoani.

Kinachoniuma zaidi ni huko watu walikokimbilia. Programu imegoma, mteja anasubiri, kwa hiyo wanafowadi mikataba kwenye Gmail zao, invoisi zinarushwa kwenye grupu la WhatsApp la ofisi ambalo mpaka leo lina watu walioacha kazi zamani, mmoja wao yuko kwa washindani wetu kabisa na anatuwekea "good morning" kila siku. Hiyo ndo data inavyovuja, na hao waliotufungia wapo humo humo grupuni wanaona.

Tiketi yangu ya malalamiko kule IT imefungwa leo mchana, hali: "imetatuliwa". Imetatuliwa nini???

Aliyewahi kubanana na IT wa namna hii akafanikiwa aniambie alipitia kwa nani, maana meneja wetu wa tawi anawaogopa makao makuu kuliko TRA.