Rubani msaidizi akiona kasoro ndege ikikimbia, nani huamua isimame?

Mkazi wa Ngamiani: Assalaam aleikum, waungwana. Nilisafiri kutoka hapa Tanga kwenda Pemba kwa ndege ndogo ya injini moja, ambayo abiria huketi nyuma ya marubani bila mlango wa kuwatenga. Ndege ilipokwisha kuanza kukimbia, rubani msaidizi alionyesha kipimo kimoja akasema neno, na mkubwa wake akaisimamisha papo hapo. Je, mkubwa asingemsikia, yule msaidizi angeruhusiwa kukanyaga breki mwenyewe?

Fundi Mstaafu, Chumbageni: Waaleikum salaam. Katika mashirika mengi uamuzi huo ni wa rubani mkuu, hata pale msaidizi ndiye anayeirusha ndege, na ndiyo maana mkono wa mkuu haubanduki kwenye vishikio vya nguvu za injini mpaka ifikiwe kasi iitwayo V1. Kabla ya kasi ya noti (maili za baharini kwa saa) 80 au 100, kwa kadiri ya utaratibu wa shirika, ndege husimamishwa hata kwa hitilafu ndogo; ikishapita hapo, ni kwa moto, injini kufa, au shaka kubwa kwamba haitaweza kuruka. Baada ya V1 huruka tu, kwa kuwa njia iliyobaki huenda isitoshe kusimama. (Ndege ya injini moja haina V1 kwa maana hiyo.)

Binti wa Raskazone: Shikamoo mzee wangu. Umeeleza mamlaka, lakini hujagusa usemi. Tarehe 13 Januari 1982, mjini Washington, msaidizi aliyekuwa akiirusha ndege ya Air Florida alisema zaidi ya mara moja kwamba vipimo haviko sawa, na mkuu wake akamtuliza. Barafu ilikuwa imeziba vitambuzi, hivyo vipimo vilionyesha nguvu za injini kubwa kuliko zilizokuwapo. Ndege iligonga daraja, ikatumbukia mto Potomac, na watu 78 wakafa. Wachunguzi walimlaumu mkuu kwa kutosimamisha mapema, nami sibishi, ila naona msaidizi aliyesema wazi "simamisha" angesikika zaidi.

Fundi Mstaafu, Chumbageni: Marahaba, binti yangu. Nakubali nusu, kwa sababu agizo la kusimama linalotolewa kwa shaka yoyote ndege ikiwa kasi nayo ni hatari, ingawa yapo mashirika yanayomruhusu msaidizi kulitoa. Kwa kawaida msaidizi hutaja alichokiona, kwa mfano "moto, injini ya kushoto", na mkuu hujibu kwa neno moja: simama au endelea. Ukimya hauhesabiwi kuwa jibu. Basi, ndugu wa Ngamiani, mkuu asipoitikia tena, msaidizi huichukua ndege mikononi mwake.