Tangu yale ya Boeing, wewe unapandaje ndege? Tupeane uzoefu

Nyar Dunga, Kisumu

Wapendwa, naomba tuzungumze jambo hili kwa utulivu. Kazi yangu ni kukatia watu tiketi za ndege hapa Kisumu. Zamani mteja aliuliza bei, saa ya kuondoka na kilo za mzigo. Siku hizi kuna wanaouliza kwanza: ni ndege ya aina gani, na imeundwa na nani?

Wapo wanaowacheka. Mimi siwacheki. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian, safari ET302, ilipaa Addis Ababa ikija Nairobi, na dakika sita baadaye ikaanguka karibu na Bishoftu. Watu 157 walikufa. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko wa taifa lingine lolote. Ilikuwa 737 MAX 8, inayoundwa na Boeing, kampuni ya ndege ya Marekani. Tarehe 29 Oktoba 2018, miezi isiyofika mitano nyuma, ndege ya aina hiyo hiyo ya Lion Air ilikuwa imetumbukia bahari ya Java na watu 189. Katika miezi hiyo ya katikati tatizo lilijulikana, na ndege zikaachwa ziendelee kuruka. Hapo ndipo mimi hushikwa na uchungu. Hawa wetu 32 walipanda ndege ambayo tayari ilikuwa imeonyesha ugonjwa wake.

Basi semeni. Umebadilisha nini? Unauliza nini kabla ya kulipa? Kuna aliyeacha kabisa?

Mama Lurambi, Kakamega

Binti yangu anafanya kazi Doha. Mara ya kwanza kusafiri, wakala (si wa Kisumu) alimtafutia tiketi ya kupitia Addis kwa sababu ilikuwa rahisi. Nikamuuliza ndege gani. Akanijibu, "Mama, ndege ni ndege." Nilimwomba anirudishie pasipoti ya mtoto pale pale.

Tuliongeza pesa ya mahindi, akapita njia nyingine. Ndugu zangu walisema nimeharibu pesa kwa woga. Sawa. Lakini mtu anayeuza tiketi akishindwa kuniambia mtoto wangu atakaa ndani ya nini, simpi mtoto. Sikatai Ethiopian, ni shirika la Waafrika wenzetu na wao pia walifiwa na wafanyakazi wao. Nilichokataa ni lile jibu.

Fundi wa Kondele

Mama Lurambi, ulikuwa na haki ya kuuliza na jibu lilikuwepo. Kwenye maelezo ya safari huwa kuna herufi na namba za aina ya ndege. Ukiona 7M8, hiyo ni 737 MAX 8. Ukishaingia ndani, chomoa ile kadi ya usalama kwenye mfuko wa kiti, jina la ndege limeandikwa. Ila ujue pia shirika linaweza kubadilisha ndege siku ya safari. Ethiopian walirudisha MAX angani Februari 2022, baada ya marekebisho.

Omwami wa Butere

Mnaoiona ET302 kama habari ya gazeti, nisomeni polepole. Mmoja wa wale 32 alikuwa mtu wetu. Sitaji jina wala kijiji, wenyewe wapo.

Ndugu walioenda Ethiopia hawakurudi na mwili. Walipewa udongo. Familia zilikabidhiwa mifuko ya udongo ulioungua kutoka pale ndege ilipoangukia, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kukabidhi siku zile. Fikiria wazee wetu wamekaa chini ya mwembe, mfuko uko mezani, na swali ni moja: tunaomboleza vipi? Kuna waliosema tuzike mgomba kama wanavyozikiwa waliopotelea mbali. Watu wa kanisa wakakataa. Mama mzazi hakusema neno, alikaa upande wa nyumba ambako kaburi lingechimbwa, na hapakuwa na kaburi. Waliokuja kuhani hawakujua kama wakae matanga au waende nyumbani. Miezi ilipita, vipimo vya DNA vikafanywa, mabaki yakaja, tukazika. Ilikuwa ni kama kufiwa upya, na wakati huo watu wengi walikuwa wamesharudi kwenye shughuli zao.

Sasa niwaambie kilichonichoma zaidi. Kabla hatujazika, kwenye runinga watu wa ng'ambo walikuwa wanasema shida ni marubani wa nchi zetu, hawakufunzwa vizuri. Nahodha wa ndege ile aliitwa Yared Getachew. Miaka 29, saa zaidi ya 8,000 angani, baba Mhabeshi na mama Mkenya. Ripoti ya awali ya Ethiopia, Aprili 2019, ilisema marubani walifuata utaratibu uliotolewa na kiwanda na bado hawakuweza kuizuia ndege. Mtu amekufa akishindana na mashine, halafu unamlaumu yeye kabla mama yake hajamzika.

Mkenya mmoja aliyepoteza mke, watoto watatu na mama mkwe kwa mpigo alienda kusimama mbele ya wabunge wa Marekani, Julai 2019, akawaambia jambo hilo hilo usoni. Yule mtu nitamheshimu maisha yangu yote. Hatumfahamu, lakini siku ile alisema kwa niaba ya boma letu.

Nyar Dunga, Kisumu

Pole sana, Omwami. Pole kwa nyumba nzima. Asante kwa kutuamini na hili.

Dereva wa Salgaa, Nakuru

Poleni wafiwa. Naomba niseme upande wa pili bila kuwakosea. Mimi naendesha Nakuru–Kisumu. Barabara za Kenya zinaua watu zaidi ya 4,000 kwa mwaka. Nimeshuhudia mambo Salgaa ambayo sitayaandika hapa. Mtu anakataa ndege Kisumu, anapanda gari la usiku, dereva amesinzia, breki zimeisha. Kwa hesabu ya kawaida, huyo amekimbilia kwenye hatari kubwa zaidi.

Bint Maseno

Baba, hesabu yako ni ya kweli na sikupingi. Lakini kwenye gari lako nikiona unasinzia nitapiga kelele, nitashuka Londiani, nitalala kwa mtu. Ndani ya ndege nimelipa, nimefungwa mkanda, niko juu ya mawingu, na kosa lilifanyika kiwandani mwaka uliopita na mtu ambaye sitakutana naye kamwe. Sina pa kupiga kelele. Ndiyo maana watu wanataka kelele ipigwe mapema, kabla ya kupanda.

Mimi nilichobadilisha ni kimoja: mkanda siufungui mpaka tutue, hata taa ya mkanda ikizimwa. Nilianza baada ya ule mlango wa ndege ya Alaska Airlines ya Marekani uliochomoka angani.

Dereva wa Salgaa, Nakuru

Hapo kwa kelele nimekuelewa, binti yangu.

Fundi wa Kondele

Ngoja nieleze kwa lugha ya gereji, maana naona watu wanachanganya mambo mawili. Kazi yangu ni matengenezo ya ndege, sitasema wapi.

Kwanza MAX na zile ajali mbili. 737 ni ndege ya kitambo, iliruka mara ya kwanza 1967, na imekaa karibu na ardhi. Walipotaka injini mpya za kula mafuta kidogo, injini zikawa kubwa, ikabidi zisogezwe mbele na juu. Ndege ikabadilika tabia pua inapoinuka sana. Wakaweka programu iitwayo MCAS, isukume pua chini yenyewe. Programu hiyo ilisikiliza kihisi kimoja tu kinachopima pembe ya upepo, na ndege inavyo viwili. Kihisi kikitoa habari ya uongo, programu inaamini, inasukuma pua chini. Rubani anavuta, inasubiri kidogo, inasukuma tena. Na kabla ya Lion Air marubani hawakuwa wameambiwa kwamba ipo, haikuwa kwenye kitabu chao. Kwa mtu wa kazi yetu hilo halisameheki. Kitu chenye nguvu ya kuangusha ndege hakitegemezwi kwenye kihisi kimoja, hilo unafundishwa ukiwa bado mwanafunzi. Ndege zile zilisimamishwa dunia nzima, na Marekani wenyewe walikuwa karibu wa mwisho kusimamisha. Zilikaa chini miezi ishirini mpaka FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ikaziruhusu Novemba 2020.

La pili ni la 5 Januari 2024, Alaska Airlines, safari 1282 kutoka Portland, 737 MAX 9. Hapo hakuna programu. Kuna nafasi ya mlango wa dharura ambayo shirika lenye viti vichache haliihitaji, basi inazibwa na kipande ambacho ukiwa ndani unaona ni ukuta tu. Kipande hicho kilichomoka ndege ikiwa inapanda. Mungu ni mkubwa, viti viwili vya pembeni yake havikuwa na mtu, na wote 177 walitua wakiwa hai. Wachunguzi wa NTSB, wale wa ajali za usafiri wa Marekani, wakakuta bolti nne za kukishika hazikuwekwa. Mwili wa ndege ulitoka Wichita kwa Spirit AeroSystems ukiwa na ribiti (pini za kuunganisha mabati) zenye kasoro. Ulipofika kiwanda cha Boeing cha Renton, kipande kikafunguliwa ili ribiti zirekebishwe, kikarudishwa bila bolti. Na hakuna karatasi ya kuonyesha kwamba kiliwahi kufunguliwa.

Wengi walishtuka kwa bolti, mimi nilishtuka kwa karatasi. Kwetu ukifungua hata kifuniko unaandika na kuweka saini, na kazi nyeti mtu wa pili anakagua, naye anaweka saini yake. Bolti anaweza kusahau fundi mmoja aliyechoka. Karatasi ikikosekana, ina maana msimamizi hakuuliza, mkaguzi hakuuliza, na ndege ikatoka langoni. Baada ya hapo FAA iliwazuia kuunda zaidi ya MAX 38 kwa mwezi, na hilo kwangu lilikuwa la maana kuliko faini, kwa sababu lilimpa fundi wakati wa kumaliza kazi yake.

Mzee wa Milimani, Kisumu

Vijana, mnazungumza vizuri. Niongeze la zamani. Kisumu hii ilikuwa kituo cha ndege za majini za Imperial Airways, zikitua ziwani kabla ya vita vya pili. Baba alikuwa akitusimulia watu walivyokimbilia ufukweni kuziona. Ndege haikuja kwetu jana.

Mwaka 1952 Waingereza walianza safari za abiria kwa ndege ya jeti, de Havilland Comet, kutoka London hadi Johannesburg, ikipitia Entebbe hapo ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1954 Comet mbili zilipasuka angani karibu na Italia, moja Januari na nyingine Aprili. Wakachukua mwili mzima wa ndege, wakauzamisha kwenye tangi la maji huko Farnborough, Uingereza, wakaujaza na kuupunguza mgandamizo tena na tena mpaka ukapasuka. Chuma kilikuwa kinachoka. Matokeo wakayaweka wazi, hata viwanda shindani vikajifunza. Comet 4 ilipotoka, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilizinunua mwaka 1960 na watu wetu walizipanda kwa amani.

Kwa hiyo mimi siogopi ndege iliyowahi kuwa na kasoro. Naogopa kampuni inayoulizwa ikajibu nusu. Januari 2021 Boeing ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 ili isishtakiwe kwa kuwahadaa wakaguzi wa Marekani kuhusu hiyo programu. Farnborough waliita watu waje waone ufa, hawa walilipa ili kesi iishe.

Msafiri wa Eldoret

Langu ni fupi. Tulikalishwa uwanjani, tukaambiwa "hitilafu ya kiufundi", basi. Shirika silitaji. Abiria walifoka, wengine wana mazishi, mmoja anawahi mahojiano ya viza. Mimi nilimfuata mfanyakazi nikamuuliza hitilafu ni ya nini. Alishangaa kuulizwa, akaenda kuuliza, akarudi: taa ya onyo ya mlango wa mizigo. Nikawatangazia wenzangu. Kelele zikaisha hapo hapo. Watu wanaweza kungoja wakiambiwa wanangojea nini. Kwa nini mpaka mtu aulize?

Mwana Busia

Sisi wa Busia tulianza kuogopa kabla ya Boeing. Januari 2003 ndege iliyobeba mawaziri iligonga nyaya za stima ikipaa kiwanja cha hapa, waziri Ahmed Khalif akafa pamoja na marubani. Ile haikuwa kasoro ya kiwanda, najua. Ila mama yangu akisikia ndege anaingia ndani mpaka leo, na hakuna aliyewahi kuja kumweleza lolote.

Mama Lurambi, Kakamega

Fundi, nina swali, nijibu kama mama yako. Hizi za propela zinazoenda Kisumu je? Binti atashukia Nairobi Desemba, nataka aunganishe asilale njiani.

Fundi wa Kondele

Mama, nyingi za hizo za propela ni Dash 8-400, za Kanada. Za jeti unazoziona hapo ni Embraer 190, za Brazil. Hakuna MAX kati yao.

Sitakuficha, Dash nayo ilikuwa na shida yake. Septemba 2007 mbili za SAS, shirika la ndege la Skandinavia, zilivunjikiwa na mguu wa magurudumu zikitua, moja Denmark na nyingine Lithuania, siku chache tu zikifuatana. Hakuna aliyekufa. Ilikuwa kutu ndani ya kifaa kinachovuta mguu. Serikali zikaamuru ukaguzi kwa ndege zilizotua mara nyingi, na sehemu hiyo ikawa ya kuangaliwa. Oktoba ya mwaka huo huo ya tatu ikapata ajali kwa sababu nyingine, SAS wakaziacha kabisa. Mashirika mengine yaliendelea nazo.

Mimi mwenyewe huzipanda nikija nyumbani. Mkatie ya asubuhi, mawingu ya mvua Kisumu hukusanyika mchana. Na mwambie afuate la Bint Maseno, asifungue mkanda.

Nyar Dunga, Kisumu

Mama, njoo inbox na tarehe. Nitakuandikia aina ya ndege kwenye risiti, na ikibadilishwa nitakupigia kabla hajatoka Doha. Wengine endeleeni, hasa wa Bungoma na Migori, bado sijawasikia.