Mrejesho: rafiki yangu anayeuguza mtoto mwenye saratani

Habari zenu wakuu, niliuliza nimsaidieje rafiki yangu ambaye mtoto wake kakutwa na saratani ya damu, leo naleta mrejesho. Aliyesema niache ile "ukihitaji chochote niambie" ubarikiwe sana, maana mzazi aliyechoka hata kufikiria aombe nini hawezi, kwa hiyo nasema tu kesho namfuata dada wa huyo mtoto shuleni, jioni naleta chakula. Na huyo dada mtu jamani, kila mtu anamuulizia mdogo wake, yeye hakuna anayemuuliza anaendeleaje, nikaanza kutoka naye wikiendi na siku hizi anaongea. Damu pia tumechangia, kemo (zile dawa kali za saratani) inaishusha mno. Nikiwa na mafua siendi kabisa, kinga ya mtoto iko chini, homa ikigonga nyuzi 38 anakimbizwa hospitali saa hiyohiyo hata usiku wa manane. Matibabu yake ni kama miaka 2 hadi 3 hivi, na hapo ndo pananiumiza, mwanzoni watu walijaa sasa wamepungua, so tumefungua grupu la WhatsApp kila mtu ana wiki yake. Mliopitia kipindi cha mtoto kurudi shule naombeni mawazo.