Chaja za magari ya umeme Nairobi: kwa skrini zote ni kijani, dereva akichomeka hakuna kitu. Nitazitunzaje?

fundi_wa_fezi_tatu

Wakuu salamu. Mimi ni fundi stima hapa Nairobi, kuna mwenye mtandao wa chaja za magari ameniita nichukue kazi ya kuzitunza. Ziko kwa parking za maduka na petroli stesheni, nyingi ni zile za AC za ukutani, kilowati 7 na 22, na DC chache za kuchaji haraka, kilowati 60. Waya naijua, fezi tatu naijua. Kinachonisumbua ni kwamba ofisini wana skrini kubwa inaonyesha kila chaja ni kijani na ripoti ya mwezi inasema ziko hewani karibu muda wote, lakini ukiongea na madereva wa teksi wanakutajia vituo ambavyo hata hawapitii tena. Jioni moja nikaenda na jamaa mwenye gari kwa kimojawapo, taa kijani, tukachomeka, ikalia tik, basi, imekaa hivyo. Soja wa hapo akatuambia iko hivyo toka mvua zianze.

Sasa nauliza, ni nini hasa kinaua hizi chaja kwa hali yetu ya stima, vumbi na mvua? Na kwa mkataba niahidi nini, maana wanataka niandike asilimia ya kuwa hewani na mimi naona hiyo namba haimsaidii mtu aliyebaki na chaji kidogo saa nne usiku.

kontakta_msa

Kaka, hiyo kijani isikushike. Chaja inaongea na seva ya ofisini kwa OCPP, yaani lugha ya pamoja ya chaja na seva, kila baada ya muda inatuma ishara kwamba iko hai, na ikiandika iko tayari maana yake ni kwamba kompyuta yake imewaka na laini ina bando. Ni sawa na mlinzi anayeitika kila ukimwita, haimaanishi ana funguo za geti. Haijui kama pini zimeota kutu wala kama kontakta, ile swichi kubwa ya ndani inayopitisha umeme, itashika, hayo yanajulikana gari likichomekwa.

Hiyo tik usiichukulie kuwa ni kontakta, mara nyingi ni kamota kanakofunga plagi isichomoke. Pima. Kwa Type 2, ile plagi ya AC, kuna pini ndogo ya CP ambayo chaja na gari vinaongelea, kati yake na ethi bila gari unapata volti 12, gari likichomekwa inashuka 9, gari likisema niko tayari inashuka 6, na hapo ndo chaja inafunga kontakta. Kwa hiyo ikikwama 9 basi gari halijakubali, angalia ethi na angalia kama dereva ameweka taima ya kuchaji usiku. Ikifika 6 na umeme hauji, kosa ni la chaja au la fezi inayoingia. Lakini angalizo, signali ikianza inapiga mara 1,000 kwa sekunde na inateremka hadi hasi 12, mita ya kawaida itakupa wastani wa ajabu ajabu utadhani saketi imekufa. Nunua kile kifaa cha kupimia chaja kinachojifanya gari, au uwe na osiloskopu ndogo, bila hivyo utakuwa unabahatisha.

Kuhusu mvua, fungua uangalie kebo imeingilia wapi. Mafundi wengi huingiza kwa juu kwa sababu ndo karibu na dari, maji yanafuata kebo yanaingia taratibu mpaka kwa bodi. Iingie kwa chini, na iwe na mkunjo kabla ya kuingia ili tone lidondokee hapo. Ethi nayo usiiamini kwa sababu ilipimwa siku ya kufunga. Kule upande wa Embakasi na Mombasa Road ni udongo mweusi ule unaopasuka kiangazi, ukipasuka fimbo ya ethi inabaki na hewa pembeni, ukinzani unapanda na kuna magari yanakataa kabisa kuchaji. Pima Februari, usipime Mei udongo ukiwa umelowa ukajipongeza.

mama_teksi_eastlands

Naomba niongee kama anayezitumia kila siku kwa kazi. Gari langu ni lile la Japani la mtumba, plagi yake ya DC ni CHAdeMO ya Kijapani, na magari mapya yanakuja na plagi ya CCS2 ya Ulaya au ile ya Kichina. Chaja moja ina vichwa viwili, kichwa changu kinavunjika klipu na hakuna wa kukirudisha kwa sababu wanaona wateja wake wanapungua, lakini kwa apu kituo kinaonekana kizima kwa sababu kile kichwa kingine kinafanya kazi. Mimi nimetoka mbali nimefika na asilimia 8, kichwa cha mwenzangu kinanisaidia nini? Kila kichwa kihesabiwe peke yake na apu iseme hivyo.

Halafu kebo. Zinaachwa chini, magari yanazikanyaga, kichwa kinalala kwa matope, mtu wa pili anakichomeka na mchanga ndani. Wekeni mahali pa kutundikia, pafikike hata na mtu mfupi. Na hiyo namba iliyoandikwa kwa chaja, ukipiga usiku ishikwe na mtu anayeweza kuiwasha upya akiwa huko huko, sio kuambiwa niandike email. Soja pia afundishwe, yeye ndo yuko pale usiku kucha na hajui hata kitufe cha dharura kiko wapi. Kuna mahali chaja ilikaa imekufa wikendi nzima, kumbe mtoto alikibonyeza kile kitufe chekundu na kilitaka kuzungushwa tu.

mkenya_wa_midlands

Nafuatilia kutoka Uingereza. Huku walichoka na huo mchezo wa skrini wakaweka sheria, kanuni za 2023 za chaja za umma, na toka Novemba 2024 mtandao wa chaja za haraka, yaani kilowati 50 kwenda juu, lazima ufikishe wastani wa asilimia 99 kwa mwaka. Kampuni ikishindwa faini inaweza kufika pauni 10,000 kwa chaja moja. Lazima pia iwe na simu ya bure ya msaada saa 24, hilo analolilia dada hapo juu.

Ila asilimia peke yake isikulaze. Marekani 2022 watafiti walizunguka eneo la San Francisco wakajaribu wenyewe vichwa 657 vya CCS vya umma, na vilivyofanya kazi ni asilimia 72.5 tu, wakati kampuni zilikuwa zinatangaza 95 hadi 98. Vilivyogoma vilikuwa na skrini zilizokufa, malipo yanayokataa, mtandao, vichwa vilivyovunjika, na vingine kebo ilikuwa fupi haifiki kwa gari. Walirudi kwa baadhi ya vituo baada ya siku 8 wakakuta hali kwa jumla ni ile ile. Kwa hiyo kwa mkataba wako usiandike kuwa hewani. Andika hivi, katika watu waliochomeka gari, wangapi umeme uliingia mara ya kwanza. Hiyo data seva iko nayo tayari, kila jaribio linaandikwa. Na kichwa ambacho kilikuwa kinatumika kila siku halafu kimekaa siku mbili bila mteja hata mmoja huku kikiwa kijani, huyo ni mgonjwa, nenda ukamwone.

fundi_wa_fezi_tatu

Asanteni sana, hii ya kuhesabu waliofaulu kuchaji nitaipeleka jinsi ilivyo. Swali la nyongeza, stima ikipotea nani abebe? Sitaki kukatwa pesa kwa sababu ya transfoma.

kontakta_msa

Tenganisha kwa mkataba. Kupotea kwa stima si kosa lako, lakini stima ikirudi na chaja isirudi, hilo ni lako. Na hapo ndo penye kazi. Kumbuka nchi nzima ilizimika 25 Agosti 2023, baada ya giza la namna hiyo stima inarudi na mawimbi, breka zinaruka, modemu zinawaka lakini hazishiki mtandao. Weka kizuizi cha surji, yaani cha hayo mawimbi, kwa kila kituo na kila ukipita chungulia kadirisha kake, kakiwa kekundu kamekufa na chaja yako iko uchi. Modemu iwekee taima ya kujiwasha upya ikikosa mtandao. Nyutro nayo kaza kila ukifungua boksi, ikilegea kwa fezi tatu volti za upande mmoja zinapanda na hapo unapoteza bodi nzima, na bodi inatoka China.

Halafu matengenezo fanya mchana. EPRA, wasimamizi wa nishati wa serikali, waliweka bei ya umeme wa magari 2023, shilingi 16 kwa uniti na 8 usiku kabla ya kodi, kwa hiyo usiku ndo mwenye chaja anapata faida yake. Chaja ikifa saa tatu usiku na wewe uje asubuhi, umemkosesha ile sehemu nzuri ya siku.

bajaji_ya_umeme_dar

Mkuu, wamekueleza vizuri kuhusu AC, mimi niongeze kwenye DC maana huko ndiko pesa inakopotea. Hiyo ya kilowati 60 ndani ni moduli za kubadili AC kuwa DC, mbili za 30 au tatu za 20 kutegemea aliyeitengeneza. Moja ikifa, chaja haizimi, inaendelea na zilizobaki, taa kijani vilevile, ila dereva anakaa muda mrefu kupita kawaida na foleni inajaa nyuma yake. Angalia kilowati za juu kabisa ilizotoa wiki hii ulinganishe na za mwezi uliopita, zikishuka jumla jua moduli imeondoka. Na kinachoziua ni joto, aisee, filta ya hewa imeziba vumbi jekundu, feni inazunguka haivuti kitu. Usifuate ratiba ya kitabu cha kiwandani, mahali penye barabara ya vumbi filta inataka kuangaliwa kila mwezi.

Vipuri weka vile vinavyokufa mara kwa mara, yaani vichwa na kebo, kontakta, feni, filta, modemu, katriji za surji, na moduli moja ya akiba kwa kila aina ya chaja. Na kabla hujasaini, mwambie mwenye mtandao akupe nywila za kiufundi na haki ya kusoma namba za makosa (error codes) zinazoandikwa na chaja. Bila hizo kila kosa dogo linasubiri mtu wa kiwandani ajibu, na chaja imesimama. Wizi wa kebo nao upo, ndani ni shaba tupu, nyie huko mnajua biashara ya vyuma chakavu ilifika mahali serikali ikaisimamisha Januari 2022. Kwa AC mpya shauri waweke soketi tu, kila dereva aje na kebo yake.

Moja la mwisho usilidharau. Ukizima DC usiingize mkono papo hapo, zile kapasita ndani zinashikilia mamia ya volti hata breka ikiwa chini. Funga breka kwa kufuli, funguo ikae mfukoni mwako, subiri dakika zilizoandikwa kwenye mlango wa chaja, kisha pima upande wa DC mwenyewe kabla ya kugusa chochote.