Sijawahi kukopa popote, historia ya mkopo naianzia wapi?

mpole_wa_hesabu: Habari zenu wadau. Kazi ninayo, bili nalipa, sidaiwi na mtu, nimeomba mkopo mara ya kwanza wamenikatalia eti sina historia. Yaani asiyedaiwa ndo anaogopwa kuliko anayedaiwa? Na kuna jamaa kaniambia nikopekope kila sehemu ndo skoa, yaani alama za kukopesheka, ipande, ni kweli?

Bi_Stakabadhi: Pole kaka, ila sio kwamba wanakuogopa, hawana tu cha kusoma juu yako. Anza kidogo. Kuna kadi za mkopo za dhamana, unaweka amana yako kwao nao wanakupa limiti inayoendana na hiyo amana, unanunua vitu ambavyo ungenunua hata hivyo halafu unalipa kabla ya tarehe. Ila uliza kwanza kama malipo yako wanayapeleka kwenye kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo, wengine hawapeleki, utalipa vizuri mwaka mzima na hakuna popote palipoandikwa.

deni_dogo: Kukopakopa achana nako kabisa, ukituma maombi mengi kwa mkupuo unaonekana umebanwa. Angalia skoa ya FICO ya Marekani, inaanzia 300 mpaka 850, kulipa kwa wakati peke yake ni 35%, kiasi unachodaiwa 30%, umri wa akaunti zako 15%, mikopo mipya 10% na mchanganyiko wa mikopo 10%. Nchi nyingine zina hesabu zao lakini kulipa kwa wakati kuna uzito kila mahali.

Halafu kuna hii wengi hawaijui, deni la kadi mara nyingi linaripotiwa siku stetimenti, yaani taarifa ya matumizi ya mwezi, inapofungwa, sio siku ya mwisho ya kulipa. Limiti yako ni 1,000, umetumia 900, stetimenti ikafungwa, wiki mbili baadaye ukalipa yote, wewe unajiona huna deni lakini ripoti inasoma umetumia 90% ya limiti. Lipa sehemu kubwa kabla haijafungwa.

mpole_wa_hesabu: Asante sana mkuu. Sasa nikilipa yote si itaonekana sijakopa, au niache kabaki kidogo?

deni_dogo: Hapana, lipa yote, hicho kibaki kinakuletea riba tu, skoa haiongezeki hata kidogo.

Bi_Stakabadhi: Na kaka, ukishaanza kujenga jina watakuja ndugu na marafiki uwadhamini. Kudhamini ni kukubali kwamba asipolipa utalipa wewe, na kwenye mikopo mingi akikwama hilo doa linaweza kukufikia na wewe, kwa hiyo kama huwezi kulibeba hilo deni mwenyewe mwambie hapana mapema, atakasirika lakini yatapita.

Ripoti yako ya mikopo pia iombe uisome yote, jina, namba ya kitambulisho, kila mkopo. Mikopo ya watu waliofanana majina huwa inachanganywa, na mkopo uliokwisha unaweza kuonekana bado unadaiwa. Ukikuta kosa andika malalamiko kwa maandishi, ambatanisha risiti na barua ya kumaliza deni, nakala baki nayo.