Nimesahau kidonge kimoja cha majira na huwa sipumziki, nitakuwa salama?

Nyundo87: Habarini wakuu, naombeni msaada wa haraka na bila matusi. Mimi mama wa watoto wawili, natumia vidonge vya majira ila nameza zile nyeupe tupu, nikifika kwenye zile 7 za rangi ya udongo naziruka naanza pakiti mpya, mwezi wa tatu huu sijaona siku zangu. Nikiwa kwenye siku nalala chini siku mbili nzima na dukani hakuna wa kunishikia. Sasa nilienda msibani Kilosa nikasahau pakiti nyumbani, cha jumatatu sikumeza, nimekuja kukimeza jana jioni pamoja na cha jana. Mume wangu yuko mgodini Geita anarudi jumamosi. Nitakuwa salama? Na haya matone ya damu ndo nini?

Mla Bata: Ngoja wenye uzoefu waje. Nimekaa pale.

Bi Mkubwa wa Tabata: Mdogo wangu miezi mitatu hiyo damu imekaa wapi? Si inaganda tumboni jamani. Mimi nilichoma sindano mwaka mmoja tu nikatoka kilo 58 hadi 81, nguo zote nikagawa, mpaka leo wifi yangu anavaa gauni langu la sendoff na anajidai kalinunua. Acha hayo madawa, hesabu siku.

Mzee wa Kijiwe: Mama yetu alizaa tisa na alikuwa analima. Mume anachimba chini ya ardhi huko wewe unamfungia geti. Haya.

Nesi Zamu ya Usiku: Bi Mkubwa hakuna damu inayoganda. Hizo 7 za udongo ni madini ya chuma tu, ile damu ya wiki hiyo inatoka kwa sababu mwili umekosa homoni, siyo hedhi yenyewe. Ukimeza nyeupe mfululizo ukuta wa kizazi unabaki mwembamba, hakuna kinachojaa. Nyundo87, ukiwa umemeza vizuri muda wote huo ukakosa kimoja au hata viwili, unakimeza ukikumbuka unaendelea kama kawaida, hata kama ni viwili siku moja. Kinachonisumbua ni matone. Yameanza lini?

Nyundo87: Asante dada angu umenitoa presha. Yameanza kama mwezi hivi.

Nesi Zamu ya Usiku: Kwa hiyo kabla ya kusahau. Kuna dawa nyingine unatumia?

Nyundo87: Hapana, za kawaida tu.

Nesi Zamu ya Usiku: Za kawaida zipi?

Nyundo87: Za kifua.

Nesi Zamu ya Usiku: Za kifua za wiki moja au za miezi 6? Mkojo wako ukoje rangi?

Nyundo87: Mnapenda kuchimba jamani. Ni rangi ya chungwa. Ndiyo, ni TB, niko mwezi wa tatu wa dozi, ila mimi nimeuliza kidonge cha jumatatu sijauliza kifua.

Mla Bata: Naongeza kiti hapa.

Nesi Zamu ya Usiku: Kidonge cha jumatatu ndo kidogo kuliko yote mamy. Kwenye dozi yako kuna rifampisini, hiyo hiyo inayopaka mkojo rangi, inalifanya ini livunje homoni za majira haraka kuliko kawaida. Unameza kila siku na bado kinga ni nusunusu, ndo maana matone. Kliniki ya TB ulisema unatumia majira?

Nyundo87: Sikusema. Mume anajua nilikuwa na nimonia, na majira hajui kabisa, anataka wa tatu. Nimeshaamua nitakuwa nameza viwili viwili mpaka dozi iishe, si itakuwa sawa?

Nesi Zamu ya Usiku: Usijitungie dozi. Kijiti nacho rifampisini inakipunguza nguvu. Sindano ya miezi mitatu haiguswi, na kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Majira hata dozi ikiisha subiri wiki 4 ndo uyaamini. Dawa za TB USIACHE. Shemeji mara ya mwisho alikuja lini?

Nyundo87: Wiki tatu na siku.

Nesi Zamu ya Usiku: Basi kanunue kipimo leo, muda umeshatosha. Na yeye apimwe kifua, vumbi la mgodini na mke mwenye TB siyo mchezo.

Bi Mkubwa wa Tabata: Sindano hapana!!! Kilo 81 nimesema.

Kachumbari: Samahani kidogo. Nimepita kwenye nyuzi za huyu Nyundo87. Mwezi wa pili aliuliza bei ya gearbox ya Passo akaandika "mimi baba wa watoto wawili, nipo Geita". Leo ana kizazi? Chai hii, tena ya maziwa.

Mzee wa Kijiwe: Nilijua tu. Mkojo wa chungwa 😂😂

Mla Bata: Nesi wa watu kakesha kumhudumia dume.

Nyundo87: Siyo chai. Simu alinipa mume wangu aliponunua mpya, akaunti nimeikuta imefunguka humu nikajua ni ya kusoma tu, nikaandika.

Kachumbari: Subiri kwanza. Kwa hiyo hii ID ni ya shemeji?

Mla Bata: Na huko kwenye simu mpya hajatoka humu?

Nyundo87: Sijui

Nyundo87: Mods naomba mfute uzi huu tafadhali

Nyundo87: Mods jamani

Nesi Zamu ya Usiku: Wafute wasifute, kesho kliniki nenda na kadi yako na useme yote.

Fundi Gongo la Mboto: Nimechelewa wakuu, gearbox ya Passo bado inahitajika? Ninayo, njoo inbox.